Wakazi wa Shamba la Ngano

Mwanadamu hupima utajiri wa shamba kwa kile kinachosimama juu yake. Huhesabu masuke, huhesabu magunia, huhesabu fedha, na hesabu hiyo ikitoka vizuri hujiona amefanikiwa. Walakini shamba lina hesabu nyingine isiyoandikwa katika daftari la mwenyewe wala la mnunuzi. Ni hesabu ya viumbe wanaokaa chini ya nyayo zake, wadogo hata jicho haliwezi kuwaona bila hadubini, nao ndio wapishi wa kila mmea unaosimama juani. Wakishiba wao, ngano hushiba. Wakiwa na njaa, ngano huutegemea mfuko wa mbolea kama mgonjwa anavyotegemea mkongojo. Tena ajabu ni kwamba jembe lilelile linalompatia mkulima chakula laweza kuwatawanya wapishi hao, na shamba safi linalosifiwa na wapita njia kwa kutokuwa na jani hata moja laweza kuwa shamba lenye njaa kuliko yote kijijini.

Yakobi ni kata moja ya Mji wa Njombe, katika nchi ya Wabena, juu ya nyanda ambazo kimo chake hukaribia mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Hapo pana baridi, na katika miezi ya kipupwe sakitu huweza kuanguka usiku na kuunguza majani ya viazi. Sehemu kubwa ya udongo wa nchi hiyo ni mwekundu, mkongwe, wenye asidi, nao una tabia ya ubahili: huishika fosforasi kwa nguvu na kuinyima mizizi. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au mwanzo wa Mei. Mahindi, viazi, maharage na njegere hustawi. Chai, miwati, misonobari na miparachichi imefunika vilima vingi vya jirani. Ngano ilienea katika nyanda hizo pamoja na wamisionari na walowezi wa Kizungu, ikazoea baridi ya nchi kuliko ilivyozoea mahali pengi pengine pa Tanzania.

Ngano hiyo haifuati kalenda ya mahindi. Mahindi hupandwa mvua ya kwanza inyeshapo. Ngano, kwa kawaida ya nyanda za juu kusini, hupandwa Februari au Machi, mvua zikiwa zinaelekea ukingoni, ili masuke yakomae katika ukavu na baridi. Kwa maana ngano inayokomaa mvuani hushikwa na maradhi, na punje zake huota zikiwa bado katika suke. Mavuno huwa katikati ya mwaka, katika kipupwe au mara baada yake. Basi mwaka wa shamba la ngano una vipindi viwili vya wazi. Cha kwanza ni kiangazi, baina ya mavuno na Novemba, wakati ardhi hukauka na upepo hupita juu yake. Cha pili ni kuanzia Novemba hadi Februari, wakati mvua kubwa huanguka juu ya shamba linalosubiri mbegu. Mwenye shamba huviona vipindi hivyo kuwa vya mapumziko. Kwa wakazi wa chini, ndivyo vipindi vya hatari.

Katika gramu moja ya udongo wenye afya huweza kuwamo bakteria mamia ya mamilioni, hata kufikia bilioni moja. Pamoja nao zimo kuvu, ambazo nyingi hazina sura ya uyoga, bali ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizotandaa baina ya chembe za udongo kama utando wa buibui katika pembe ya nyumba. Kazi zao zimegawanyika. Wako vijiumbe wanaovunja majani makavu na mizizi iliyokufa, wakayageuza mabaki hayo kuwa mboji. Wako wanaotwaa naitrojeni ya hewa na kuifanya chakula cha mimea. Kundi moja la kuvu, liitwalo mikoriza, huingia ndani ya mizizi ya ngano yenyewe na kufunga nayo mkataba: mmea hutoa sukari iliyotengenezwa kwa nuru ya jua, na kuvu huleta fosforasi iliyofuatwa mbali kuliko mahali unapofika mzizi. Katika nchi ambayo udongo ni bahili, mkataba huo si anasa. Ni kama kuwa na mjumbe hodari anayeujua mlango wa nyuma wa ghala.

Wako pia askari. Katika nchi za baridi ambako ngano hupandwa mfululizo katika shamba moja, ugonjwa wa kuvu unaoozesha mizizi huzidi kwa miaka michache, kisha mara nyingi hupungua wenyewe bila dawa. Wataalamu waliochunguza sababu waliona kwamba bakteria wa jamii ya Pseudomonas huongezeka penye mizizi migonjwa na kutoa sumu inayomdhoofisha adui. Hivyo udongo wenye wakazi wengi waweza kujilinda, kama kijiji chenye watu kinavyojilinda kuliko nyumba moja iliyo porini.

Lakini jembe halikubuniwa na wajinga, wala si haki kulilaani kabla ya kulisikiliza. Jembe huua magugu, hufungua ardhi iliyoshikana, huifanya mbegu iguse udongo laini, tena hutoa zawadi ambayo mkulima huiona kwa macho: mimea iliyopandwa katika ardhi iliyotoka kukatuliwa huwa ya kijani kibichi. Sababu yake ni vijiumbe wenyewe. Mboji hukaa imefichwa ndani ya vibonge vidogo vya udongo, mahali ambapo bakteria hawafiki kwa urahisi. Plau au jembe la mkono likivivunja vibonge hivyo na kuingiza hewa, bakteria huamka, huila mboji kwa pupa, hupumua kaboni ikapaa angani, na naitrojeni iliyokuwa imefungwa ndani ya mboji hubaki kwa mmea. Ndiyo maana shamba jipya hufurahisha katika miaka yake ya kwanza. Furaha hiyo, hata hivyo, ni ya mtu anayeuza mabati ya paa lake ili anunue nyama.

Hasara huja taratibu. Nyuzi za kuvu hukatwa kila msimu kabla hazijamaliza kujiunga upya, na kwa kuwa kuvu hujijenga polepole kuliko bakteria, mji wa chini hubadilika tabia: wepesi wa kula huzidi, wajenzi hupungua. Vibonge vilivyoshikamanishwa na nyuzi hizo na utando wa bakteria hubomoka. Matone ya mvua huvisaga kuwa unga, unga huziba vinyweleo vya ardhi, na maji yaliyopaswa kuingia huteremka mlimani yakiwa mekundu. Ni kweli kwamba shamba lisilokatuliwa halina wakazi wengi kila mahali. Wengi hukusanyika karibu na uso wa ardhi, penye mabaki ya mimea, ilhali plau huwasambaza chini. Lakini uso wa ardhi ndio unaopokea mvua. Mji ukibomoka langoni, haisaidii sana kuwa na vyumba vizuri nyuma.

Tukio kubwa kuliko yote katika mwaka wa udongo wa Yakobi hutokea bila mtu kuliona. Hutokea siku ile mvua ya kwanza inapoigusa ardhi iliyokauka. Katika miaka ya 1950 mtafiti H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga karibu na Nairobi katika shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa kilimo na misitu, alionyesha kwamba udongo uliokaushwa kisha ukaloweshwa hutoa kwa ghafla kaboni na naitrojeni nyingi kuliko udongo uliokaa na unyevu wakati wote. Wataalamu wa udongo duniani hulitaja jambo hilo kwa jina lake hadi leo. Katika ukavu vijiumbe wengi hufa, na wengine hupasuka maji yanapowaingia kwa nguvu; miili yao huwa chakula cha walionusurika. Wakati huohuo vibonge hulegea na kuifichua mboji iliyokuwa imehifadhiwa. Kwa siku chache kunakuwa na karamu isiyo na kifani.

Mkulima wa mahindi, hata kama hakupata kusikia jina la Birch, huijua karamu hiyo kwa uzoefu. Ndiyo maana wazee husisitiza kupanda mapema: mahindi yaliyowahi mvua huipita mimea iliyochelewa, japokuwa shamba ni moja na mbegu ni moja. Lakini katika shamba linalosubiri ngano, karamu huandaliwa na hapana mgeni. Naitrojeni iliyotoka hugeuka kuwa chumvi inayoyeyuka upesi, nayo haishikwi sana na udongo. Mvua za Desemba na Januari huishusha chini hata mahali ambapo mizizi michanga ya ngano haitafika. Februari mkulima anapokuja na mbegu, meza imekwisha kufutwa. Humbidi sasa kwenda Makambako au Njombe mjini kununua kwa fedha, katika mfuko, kitu cha aina ileile ambacho shamba lake lilikipata bure na kukimwaga. Kama shamba lilikatuliwa Novemba na kuachwa wazi, hasara ni maradufu, kwa sababu jembe liliikuza karamu na uwazi ukaipoteza.

Hapa ndipo mmea wa kufunika ardhi unapoonyesha maana yake. Ni mgeni aliyealikwa karamuni kwa niaba ya ngano. Hupandwa mvua zinapoanza, huinywa naitrojeni kabla haijashuka, huiweka akiba katika majani na mizizi yake, na hukinga uso wa ardhi dhidi ya matone. Muda wote unapoishi, mizizi yake hudondosha sukari na vitu vingine ambavyo ndivyo mshahara wa vijiumbe. Februari hukatwa na kulazwa juu ya shamba. Ngano hupandwa kati ya matandazo hayo, na chakula kilichowekwa akiba huanza kurudi kadiri majani yanavyooza. Mmea huo ukiwa wa jamii ya mikunde, hauleti akiba ya karamu tu, bali huongeza mtaji mpya. Katika miaka ya 1880 wanasayansi wa Kijerumani Hellriegel na Wilfarth walithibitisha kwamba vinundu vya mizizi ya mikunde hutumia naitrojeni ya hewa, na mwaka 1888 Mholanzi Beijerinck akawatenga bakteria wanaofanya kazi hiyo. Mwanadamu alikuwa amekula kunde na maharage maelfu ya miaka kabla ya kujua kwamba anawalisha pia mafundi hao.

Faida hiyo imepimwa. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2020, uliokusanya tafiti 60, ulionyesha kwamba mimea ya kufunika ardhi iliongeza wingi wa vijiumbe kwa wastani wa asilimia 27, na utendaji wao kwa asilimia 22, lakini aina zao kwa asilimia 2.5 tu. Tofauti ya tarakimu hizo ina fundisho. Kulisha huwaongeza wakazi na kuwatia nguvu upesi. Kurudisha kabila lililokwisha kuhama ni kazi ya miaka mingi. Mwenye kuharibu hutumia siku moja, naye mwenye kutengeneza hutumia umri.

Nyanda za kusini hazikuhitaji kungoja maabara ili zijifunze jambo hili. Katika mabonde ya Njombe na Iringa wakulima hutengeneza vinyungu, wakifukia majani ndani ya matuta ili yaoze na kulisha mazao ya kiangazi. Wamatengo wa Mbinga, katika Mkoa wa Ruvuma, hulima ngoro: hufyeka nyasi, huzilaza katika mistari inayokatana kufanya miraba, kisha huchimba udongo wa katikati na kuzifunika, hata mlima wote ukajaa mashimo yanayonasa maji na kingo zenye chakula ndani yake. Yafaa kuangaliwa kwa makini kwamba ngoro huchimbwa kwa jembe. Lakini jembe la Mmatengo huzika chakula kila linapofukua. Kwa hiyo lawama haiangukii kila chuma kinachogusa ardhi. Huangukia desturi ya kuchimba mwaka hata mwaka bila kulisha.

Huko Ruvuma pia ulipata sifa mmea uitwao marejea, wa jamii ya mikunde, wenye maua ya manjano. Padre Gerold Rupper, mtawa wa Kibenediktini wa Peramiho, aliueneza kwa bidii na kuuandikia, akiwasihi wakulima waupande ili urudishe rutuba katika mashamba yaliyochoka. Jina lenyewe lina ahadi ya kurejea. Marejea hufunika magugu, hufunga naitrojeni, na hupunguza minyoo midogo inayoshambulia mizizi. Lakini Peramiho iko chini kuliko Yakobi na ina joto zaidi, na mmea unaokimbia huko waweza kutambaa katika baridi ya Njombe. Kwa nyanda za juu, njegere zinazovumilia baridi zaweza kufaa zaidi, tena zina fadhila ya kuliwa. Mgeni wa karamu huchaguliwa kwa hali ya nyumba.

Uchaguzi huo una mitego mingine. Mimea ya jamii ya kabichi na haradali hufunika ardhi vizuri, lakini haifungi mkataba na mikoriza. Kuvu hizo zikikaa msimu mzima bila mwenzi hupungua, na ngano inayofuata hupata wajumbe wachache. Ngano iliyojiotea yenyewe baada ya mavuno, ikiachwa kwa kisingizio kwamba nayo inafunika ardhi, huwa daraja la maradhi: kutu na wadudu huvuka juu yake kutoka msimu hadi msimu. Afrika Mashariki ina sababu ya kukumbuka jambo hilo, kwa kuwa aina ya kutu ya shina iliyotishia ngano ya dunia, iitwayo Ug99, ilitambuliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Na mabua ya ngano yenyewe yana njaa yake. Kwa kila sehemu moja ya naitrojeni yana kaboni sehemu 80 hivi, ilhali vijiumbe wanahitaji uwiano wa sehemu 25 hivi kwa moja. Mabua yakifukiwa karibu na kupanda, vijiumbe hukopa naitrojeni ya udongo ili waweze kuyala, na ngano changa hugeuka manjano kwa deni ambalo haikulikopa. Yakiachwa juu ya ardhi, au yakichanganywa na majani mabichi ya mikunde, deni hilo huwa dogo.

Sasa yaulizwe maswali magumu, maana nasaha isiyosikiliza pingamizi ni amri tu. Mwaka 2015 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wa tafiti 610 uliolinganisha kilimo cha kutokatua na kilimo cha kawaida katika nchi 63. Kwa wastani, kuacha kukatua kulipunguza mavuno kwa asilimia 5.7. Hasara ilipungua pale ambapo kutokatua kuliandamana na mambo mengine mawili, yaani kuacha mabaki juu ya ardhi na kubadilisha mazao. Na katika nchi kavu zinazotegemea mvua, mambo yote matatu yakiwa pamoja yaliongeza mavuno kwa asilimia 7.3. Basi anayemshauri mkulima aweke jembe chini, bila kumpa matandazo wala mazao ya kupokezana, humshauri apate hasara. Njombe si nchi kavu; lakini ngano yake hukomaa kwa unyevu uliobaki ardhini baada ya mvua kwisha, na kwa sababu hiyo kila tone lililohifadhiwa chini ya matandazo lina thamani yake mwezi wa Juni.

Pingamizi la pili ni magugu. Jembe likilala, magugu huamka, na mashamba makubwa yasiyokatuliwa hutegemea sana dawa ya kuyaua. Mwenye ekari moja ana njia mbili: anunue dawa, au apalilie kwa mkono, na katika nyumba nyingi mkono huo ni wa mama, ambao tayari una kuni, maji na mtoto. Mmea wa kufunika uliosongamana hupunguza magugu, lakini hauyamalizi.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote. Nani atalipa gharama ya chakula cha udongo? Miezi ile mitatu ya Novemba hadi Februari, ambayo mtaalamu huiona kuwa nafasi ya mmea wa kufunika, mkulima huiona kuwa nafasi ya maharage au viazi, na viazi ni ada ya shule. Mabua yale ambayo mtaalamu huyaita matandazo, ng'ombe huyaita chakula cha kiangazi. Na desturi ya mahali pengi ni kwamba shamba likishavunwa mifugo ya jirani huingia bila kubisha hodi. Moto nao, unaowashwa mahali pamoja kusafisha shamba moja, huvuka mipaka na kuteketeza akiba ya mwingine. Tena yuko anayelima ardhi ya kukodi kwa msimu mmoja. Akiulisha udongo leo, atakayekula kesho ni mwenye ardhi au mpangaji mwingine. Ni vigumu kumlaumu mtu huyo kwa kuchota bila kurudisha. Mkataba wake wenyewe umemfundisha kuchota.

Hayo yote hayaibatilishi hoja ya udongo, bali huihamisha kutoka shambani kuileta barazani. Njaa ya vijiumbe ni jambo la elimu ya viumbe, lakini chanzo chake mara nyingi ni mapatano ya watu: ya mwenye ng'ombe na mwenye shamba, ya mpangaji na mwenye ardhi, ya mume na mke juu ya nani ataamua kipi kipandwe. Kijiji kinachoweza kukubaliana siku ya kufungulia mifugo, na kuadhibu moto wa ovyo, kimewatendea mema bakteria wengi kuliko mtu mmoja mwenye trekta.

Na haja ya kufanya hivyo si ndogo. Tanzania hununua kutoka nje sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini, na mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipozuia meli, bei ya unga ilipanda mpaka kwa muuza maandazi. Haja ya namna hiyo iliwahi kujibiwa kwa njia ya ukubwa. Katika nyanda za Basotu, wilayani Hanang, kuanzia miaka ya 1970, shirika la umma lililima ngano kwa msaada wa Kanada katika mashamba saba yenye jumla ya ekari 100,000 hivi, juu ya ardhi iliyokuwa malisho ya Wabarabaig. Matrekta na mashine za nchi za tambarare ya baridi zilikatua udongo wa kitropiki. Ngano ilipatikana, tena nyingi. Lakini wafugaji walipoteza malisho, na wachunguzi waliandika juu ya makorongo yaliyochimbwa na maji katika ardhi iliyoachwa wazi. Msaada wa Kanada ulikoma mwaka 1993. Marekani ilikuwa imelipia somo hilohilo katika miaka ya 1930, wakati nyanda zilizokatuliwa kwa ajili ya ngano zilipopeperuka na kuwa mawingu ya vumbi yaliyofunika miji. Ukubwa wa shamba haukuwasaidia wakazi wake wadogo. Huenda ekari moja ya Yakobi, ambayo mwenyewe huipita kwa miguu kila asubuhi, ina nafasi nzuri zaidi ya kulishwa, maadamu mwenyewe anajua kuna nani anayesubiri chakula.

Elimu hiyo haihitaji fedha nyingi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mkulima hana haja ya kuliweka rehani shamba lote kwa jambo asilolijaribu. Akitenga pembe moja, hatua 20 kwa 20, akaiacha bila kuikatua, akapanda njegere mvua ya kwanza, akazilaza Februari na kupanda ngano juu yake, atakuwa na shahidi wake mwenyewe. Na achukue bonge la udongo mkavu kutoka pembe hiyo na jingine kutoka shamba lililokatuliwa, ayatumbukize katika bilauri mbili za maji. Bonge lililoshikwa na nyuzi za kuvu hukaa. Lililonyimwa huanguka na kuyachafua maji. Tofauti hiyo huenda isionekane mwaka wa kwanza, wala wa pili, na mwenye haraka atasema hapana kitu.

Yuko shahidi mwingine aliye mwepesi zaidi. Achukue vipande viwili sawa vya kitambaa cha pamba, avifukie kina cha kiganja mwezi wa Desemba, kimoja huku na kimoja kule, avifukue baada ya miezi miwili. Pamba ni chakula kwa vijiumbe kama mabua yalivyo. Kitambaa kitakachotoka kizima, cha kufuliwa na kuvaliwa tena, kitakuwa kimetoka mahali ambapo hapana mtu mezani. Na kile kilichobaki nyuzi chache zenye mashimo kitakuwa kimetoka mahali penye watu, nao wana hamu ya kula.